Gazeti la siasa la kila wiki linapohamia mtandaoni: nini kianze, na karatasi iachwe lini

Swali: Tunachapa gazeti la siasa mara moja kwa wiki, kurasa 16, na chumba cha habari kina watu tisa. Mauzo ya nakala yanashuka mwaka hadi mwaka. Tovuti tunayo, ila tunaweka habari zilezile za gazetini siku moja baada ya gazeti kutoka, na wanaozisoma hawalipi chochote. Wakurugenzi wanataka tuache karatasi kabisa kabla ya uchaguzi ujao. Je, wako sahihi, na tuanzie wapi?

Jibu: Mwelekeo wa wakurugenzi wako ni sahihi. Kasoro iko kwenye mpangilio. Karatasi huachwa mwishoni, baada ya mambo mawili kutengemaa: muwe na orodha ya wasomaji mnaoweza kuwafikia wenyewe bila kupitia kwa wakala wala mtandao wa kijamii, na muwe na angalau chanzo kimoja cha mapato ya dijitali kinachoweza kulipa mishahara ya waandishi. Kabla ya hapo, kuacha karatasi ni kulifunga gazeti kwa awamu.

The Independent la Uingereza liliacha kuchapa Machi 2016. Gharama zilishuka na hesabu zikapendeza. Lakini watafiti Neil Thurman na Richard Fletcher walipopima muda ambao wasomaji wa Uingereza walilitumia gazeti hilo, karatasi na mtandao kwa pamoja, walikuta umeporomoka kwa asilimia 81 katika mwaka uliofuata. Karibu nusu ya wasomaji wa karatasi walikuwa wakilisoma takriban kila siku, ilhali mgeni wa tovuti alipita mara mbili na kidogo kwa mwezi. Hakuna aliyewahamisha wale wa karatasi. Walipolikosa kwa muuzaji, waliishia zao.

Mfano wa upande wa pili ni Politico ya Washington. Ilianza Januari 2007 chini ya John Harris na Jim VandeHei, wote wametoka The Washington Post, kwa fedha za Robert Allbritton. Wengi wanaijua kama chombo cha mtandaoni, lakini tangu mwanzo ilichapa pia gazeti lililogawiwa bure kwenye ofisi za wabunge, na katika miaka hiyo matangazo ya karatasi yalileta sehemu kubwa ya mapato. Makampuni na vikundi vya ushawishi vililipa ili tangazo liwe juu ya meza ya mtunga sheria asubuhi ileile muswada unapojadiliwa. Tovuti ilijenga jina, karatasi ikalipa bili. Baadaye ikaja Politico Pro, huduma ya usajili kwa taasisi zinazotaka kujua undani wa sera na sheria, na mwaka 2021 kampuni nzima ikanunuliwa na Axel Springer ya Ujerumani kwa zaidi ya dola bilioni 1. Mwaka huohuo The Hill, lililoanza 1994 kama gazeti la kila wiki la habari za Bunge la Marekani na likakua hadi kuwa na hadhira kubwa sana mtandaoni, lilinunuliwa na Nexstar kwa dola milioni 130. Tofauti hiyo ya bei ina sababu nyingi. Kwa maoni yetu kubwa kuliko zote ni kwamba msomaji anayelipa kwa sababu kazi yake inamlazimu kujua, ana thamani kuliko mamia wanaopita.

Hesabu ya karatasi kwanza

Kosa la kawaida kwenye vikao vya bodi ni kuchukua hasara ya gazeti zima na kuibandika kwenye karatasi. Tuseme toleo moja linagharimu 100 (tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu): mishahara na ufuatiliaji wa habari 45, pango na utawala 12, karatasi na kiwanda 25, usafiri 8, kamisheni ya mawakala 10. Nakala zilizouzwa zinaleta 38 na matangazo 42, jumla 80. Mna hasara ya 20. Mkiacha kuchapa mnaokoa 43 tu, yaani kiwanda, usafiri na kamisheni. Gharama inabaki 57, na yale mapato ya 80 yametoweka. Hasara ya 20 imekuwa 57, isipokuwa dijitali ijaze pengo siku hiyohiyo, na haijazi.

Fanyeni hesabu hiyo kwa tarakimu zenu halisi, kisha punguzeni karatasi badala ya kuiua. Anzeni na marejesho. Njia ambayo nakala 40 kati ya 100 zinarudi bila kuuzwa ikatwe kabla ya kugusa kitu kingine. Msitarajie gharama ishuke sawasawa na idadi ya nakala, kwa sababu bati (bamba linalobeba sura ya ukurasa mtamboni) na maandalizi ya mtambo vinalipiwa vilevile mkichapa nakala elfu moja au elfu kumi. Akiba nyingine iko kwenye rangi. Kwenye mtambo unaotumia bati moja kwa kila ukurasa, ukurasa wa rangi kamili unakula bati nne, moja kwa kila wino, na wa nyeusi moja. Kurasa 16 zote za rangi ni bati 64. Rangi kwenye kurasa nne tu, zile za nje na za katikati ambako watangazaji wanalipa zaidi, ni bati 28.

Orodha ya wasomaji

Gazeti la karatasi halimjui msomaji wake. Anayemjua ni muuzaji. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya dijitali inafanyikia kwenye karatasi yenyewe. Kila toleo, ukurasa wa kwanza na wa mwisho, liwe na nafasi inayomwalika msomaji kuandikisha barua pepe au namba ya simu ili apate jarida la asubuhi. Ahadi iwe mahususi. “Pata habari zetu” haimvuti mtu. “Kila siku ya kazi saa 12:30 asubuhi: mambo matano ya bungeni na serikalini yatakayoamuliwa leo” inamvuta hata aliyekwisha lipia gazeti.

Jarida hilo liandikwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, maneno 400 hadi 700, na liwe na vitu ambavyo gazeti la wiki haliwezi kubeba: ratiba za kamati, hati iliyotoka jana jioni, nani ameteuliwa, nani amekutana na nani. Politico ilifanya hivyo kupitia Playbook ya Mike Allen tangu 2007, kwa muundo wa maandishi matupu, na likawa jambo la kwanza ambalo wanasiasa na maofisa wengi walisoma wakiamka.

Upande wa kiufundi ndiko wengi wanakojikwaa. Tumeni kutoka kwenye kikoa kidogo (tawi la anwani yenu ya mtandaoni) kilichotengwa kwa jarida, ili jarida likihesabiwa kuwa barua taka, barua za kawaida za ofisi zisiathirike. Wekeni rekodi za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanazidai kwa watumaji wakubwa (kwa Gmail ni wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku), pamoja na kitufe cha kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Ndiyo maana haifai kumwaga kwenye orodha kadi zote za biashara zilizolundikana droo za ofisi. Watu hao hawakuomba, watabofya “barua taka”, na waliojiandikisha kwa hiari nao wataanza kukosa jarida. Anzeni na mia chache wanaowasoma kweli, mkiongeza kila baada ya siku chache. Asiyebofya kitu kwa miezi sita aulizwe mara moja kama bado anataka, asipojibu aondolewe.

Msijipime kwa idadi ya barua zilizofunguliwa. Tangu Septemba 2021 programu ya barua pepe ya Apple inapakia picha za barua kabla mtu hajaigusa, hivyo zinahesabika kama zimefunguliwa. Hesabuni mibofyo, majibu, na waliobaki kwenye orodha baada ya siku 90.

Mitandao ya kijamii itumieni kumleta mtu kwenye orodha, basi. Facebook ilikiri mwaka 2016 kwamba ilikuwa ikikuza wastani wa muda ambao watu hutazama video, wakati vyombo vingi vimekwisha ajiri watu wa video kwa kuamini takwimu hizo. Januari 2018 ikatangaza kupunguza maudhui ya wachapishaji ili yaonekane zaidi ya ndugu na marafiki, na waliotegemea wasomaji wake wakaumia. Chaneli ya WhatsApp nayo inafaa kwa kusambaza, lakini haiwapi namba za wafuasi. Siku ikifungwa, mnabaki bila mtu.

Saa ya chumba cha habari

Hapa ndipo penye kazi ngumu, na hakuna programu itakayowasaidia. Gazeti la wiki huishi kwa saa moja tu: saa ya kurasa kwenda mitamboni. Mtandaoni mnahitaji mwendo wa aina tatu. Habari fupi iliyothibitishwa itoke ndani ya nusu saa. Maelezo ya maana yake yatoke siku hiyohiyo. Uchambuzi au uchunguzi, ambao ndio uti wa mgongo wenu, usikimbizwe. Gazeti la wiki likijaribu kushindana na redio kwa kasi ya kila kitu litachoka mapema na kukosea zaidi. Chagueni maeneo matatu au manne, mathalani bunge, chama tawala, upinzani na fedha za serikali, na huko muwe wa kwanza. Kwingineko kubalini kuwa wa pili.

Kwa watu tisa, mgawo unaoshikika ni huu: mmoja jarida la asubuhi, wawili dawati la habari za haraka kwa zamu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, wanne maeneo maalumu, mhariri mmoja wa uchapishaji, na msanifu kurasa mmoja anayefunga toleo la karatasi kwa kuchagua kutoka kwenye yaliyokwisha hakikiwa. Karatasi ije mwisho. Wengi hufanya kinyume: wahariri wakubwa wanabaki na gazeti, tovuti anapewa kijana wa mafunzo kwa vitendo, na habari nzuri “inatunzwa” kwa ajili ya ukurasa wa mbele hadi mpinzani aitoe. Mhariri mkuu akionekana anaijali tovuti mara moja tu kwa wiki, na waandishi watafanya hivyohivyo.

Kasi inataka kanuni za maandishi. Habari ya kwanza ya tukio iwe na maneno 80 hadi 120: kilichothibitishwa, aliyekisema, na saa. Tukio moja liwe na ukurasa mmoja unaoongezewa, saa ya kila nyongeza ikionekana. Kurasa kumi za tukio moja zinagawanya wasomaji na kuacha makosa ya mwanzo yakizunguka. Mambo manne yasitoke bila mhariri wa pili, hata kama ni usiku: tuhuma za jinai au wizi, kifo cha kiongozi, matokeo ya kura, na nyaraka zilizovuja. Mkikosea, andikeni palepale kilichokuwa kimekosewa na kilicho sahihi. Kufuta kimyakimya kwenye habari za siasa ni kumpa mpinzani silaha, maana picha ya skrini keshaipiga.

Tovuti

Msijenge mfumo wenu wenyewe. WordPress au Ghost inatosha chumba cha watu tisa. Mfumo wa kutengenezewa una kawaida ya kubaki bila fundi pale aliyeutengeneza anapohama. Nakala ya PDF ya gazeti iwekeni kwa waliozoea, lakini msiihesabu kama tovuti, kwa kuwa kwenye simu haisomeki.

Anwani ya kila habari iwe ya kudumu, na isiwe na jina la safu ndani yake, maana safu hubadilishwa. Mkihama kutoka mfumo wa zamani, kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye mpya yake kwa msimbo 301 (ishara kwamba ukurasa umehama kabisa), moja kwa moja. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mbele ni kosa linalofuta miaka ya viungo na nafasi kwenye Google kwa usiku mmoja. Kipimo cha kasi kinachofaa ni kile cha Google: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 kwa angalau asilimia 75 ya wanaofungua. Kinachochelewesha mara nyingi ni picha kubwa kupita kiasi na lundo la vifuatiliaji vya matangazo. Maandishi hayana lawama.

Usiku wa matokeo ya uchaguzi ni mtihani wa peke yake. Tovuti inayozalisha ukurasa upya kwa kila mgeni italala chini saa ambayo watu wanaihitaji kuliko saa zote. Tengenezeni ukurasa wa matokeo kama faili tuli linaloandikwa upya kila sekunde 30 hadi 60, likae kwenye mtandao wa seva za usambazaji, na mfanye jaribio la mzigo wiki tatu kabla. Chombo cha siasa pia hushambuliwa kwa makusudi. Project Shield ya Google na Project Galileo ya Cloudflare hutoa ulinzi bure dhidi ya mafuriko ya maombi bandia kwa vyombo vya habari vinavyokubaliwa, ombeni mapema. Kila mwenye ufunguo wa kuchapisha awe na uthibitisho wa hatua mbili. Na leo hii, kabla hamjaenda mbali, angalieni jina la kikoa limesajiliwa kwa nani. Mara nyingi ni kwa fundi aliyeondoka zamani. Lihamishieni kwenye jina la kampuni, lilipieni miaka kadhaa, mfunge uwezekano wa kuhamishwa.

Nani atalipa

Kwa gazeti la siasa tungeanza na taasisi: balozi, benki, mawakili, vyama vya wafanyabiashara, mashirika ya kimataifa. Hawa hawanunui habari za jumla. Wananunua taarifa ya mapema kuhusu miswada, zabuni, teuzi na kanuni. Wauzieni kwa idadi ya watumiaji, mkataba wa mwaka, malipo mwanzoni. Taasisi 30 zinazolipa zinaweza kuubeba mshahara ambao matangazo ya tovuti hayataubeba kamwe.

Kwa msomaji wa kawaida kuna njia tatu. Mediapart ya Ufaransa, iliyoanzishwa 2008 na Edwy Plenel na wenzake, ilifunga karibu kila kitu kwa wanaolipa na kukataa matangazo. Ilifaulu kwa sababu ilikuwa na habari za uchunguzi ambazo hazikupatikana kwingine. The New York Times lilianza Machi 2011 kwa kuruhusu habari 20 bure kwa mwezi, mwaka uliofuata likashuka hadi 10. The Guardian liliacha milango wazi na kuomba wasomaji wachangie. Kwenu tunapendekeza mchanganyiko: habari za haraka bure, kwa kuwa wengine nao wanazo, uchambuzi, uchunguzi na kumbukumbu za zamani kwa malipo. Taarifa za usalama wa umma na utaratibu wa kupiga kura zisifungwe.

Usajili mwingi hufa bila mteja kukusudia: kadi imeisha muda, salio halikutosha. Wekeni mfumo ujaribu tena mara tatu au nne ndani ya wiki mbili, na umkumbushe mteja siku kumi kabla. Malipo ya simu yakubalike sawa na kadi.

Matangazo ya wanasiasa yanahitaji sera iliyoandikwa: alama ya “tangazo” inayoonekana, jina la aliyelipa, bei moja kwa vyama vyote, na fedha taslimu kabla ya kuchapishwa. Hilo la mwisho msilegeze. Mgombea aliyeshindwa halipi ankara, na aliyeshinda hupenda kuilipa kwa upole wenu. Kumbukeni pia kwamba mapato haya hufurika mwaka wa uchaguzi na kukauka unaofuata; ajira ya kudumu isijengwe juu yake.

Matoleo ya zamani

Hazina hii mnayo, tovuti mpya hazina. Skaneni kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, 400 kama karatasi imechakaa, mtunze nakala mama za TIFF (picha zisizopunguzwa ubora) na kuzipitisha kwenye programu ya kutambua maandishi. Kabla ya kuzifungua kwa umma, angalieni mikataba ya waandishi wa kujitegemea. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Tasini, iliamua kwamba wachapishaji, The New York Times likiwemo, hawakuwa na haki ya kuingiza makala za waandishi hao kwenye hifadhidata bila ruhusa. Habari ya zamani ikitafutika kwa jina la mtu nayo huwa jambo jipya: uamuzi wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya wa Mei 2014 dhidi ya Google, kuhusu haki ya kusahaulika, ulitokana na matangazo ya mnada yaliyochapwa 1998 kwenye gazeti la La Vanguardia na baadaye kuwekwa mtandaoni. Wekeni utaratibu wa kupokea maombi ya namna hiyo: mtu aliyeshtakiwa na kisha kuachiwa ana haki ya kuongezewa mwisho wa kesi kwenye habari ileile.

Tarehe ya kuacha

Msiache miezi michache kabla ya uchaguzi. Ndio wakati matangazo ya karatasi yanalipa kuliko wakati wowote, na ndio wakati mbaya kuliko yote wa kujifunza mfumo mpya. Acheni, kama hesabu itaruhusu, miezi sita au zaidi baada yake, pale robo mbili mfululizo zinapoonyesha mapato ya dijitali yamezidi mchango halisi wa karatasi, ule unaobaki baada ya kutoa gharama mtakazoziokoa. Inaweza kufanyika kwa hatua: La Presse la Montréal liliacha kuchapa siku za kazi mwisho wa 2015 na kubaki na toleo la Jumamosi hadi mwisho wa 2017, na The Christian Science Monitor mwaka 2009 liliacha toleo la kila siku likabaki na la wiki. Kwenu hatua ya kati inaweza kuwa toleo moja nene kwa mwezi, la uchambuzi, kwa bei ya juu.

Waliolipia karatasi kwa mwaka waarifiwe siku 90 kabla, kwa barua na kwa simu, wachague kati ya kurejeshewa salio na kuhamishiwa dijitali kwa muda mrefu zaidi. Mtu wa dawati la wateja awapigie mmoja mmoja na kuwasaidia kufungua akaunti wakiwa bado kwenye simu.